Rufaa nyingi zinaanzia kwenye kalamu ya hakimu wa wilaya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nizungumzie kazi ya mahakimu wa wilaya zilizo mbali na miji mikubwa, hususan hapa mkoani Kigoma, ambako nilikuwa karani wa mahakama hadi nilipostaafu. Kilichonisukuma kuandika ni hafla ya kumuaga hakimu mmoja niliyefanya naye kazi kwa muda mrefu, ambaye naye sasa amefikisha umri wa kustaafu. Wasemaji walimsifu kwa upole, kwa uchapakazi na kwa kuwahi kazini, na yote hayo ni kweli. Lakini hakuna hata mmoja aliyeeleza kazi yenyewe ilikuwa nini. Magazeti nayo, na hili lako likiwemo, humwandika hakimu wa wilaya siku anapotuhumiwa kula rushwa au siku anapompeleka mtu jela miaka 30, na baada ya hapo habari zake hazisikiki tena.

Jambo ninalotaka wasomaji walielewe ni moja. Mtu akitiwa hatiani na mahakama ya wilaya hapa Kasulu au kule Kibondo, akakata rufaa, jaji wa Mahakama Kuu kwa kawaida hawaiti tena mashahidi. Anafungua jalada, anasoma kile ambacho hakimu wa wilaya alikiandika siku ile shahidi aliposimama kizimbani, na kwa kusoma huko anaamua. Shauri likipanda hadi Mahakama ya Rufani, majaji watatu wa mahakama ya juu kabisa nchini nao hulitazama jalada hilohilo. Na panapozuka swali kama shahidi alionekana mkweli au alikuwa akibabaika, mahakama za juu zimesema mara nyingi kwamba mwenye nafasi nzuri ya kulipima hilo ni yule aliyemwona na kumsikia, yaani hakimu wa kule chini. Kilichosahauliwa katika jalada la Kibondo hakiwezi kuongezwa Dodoma wala Dar es Salaam.

Wengi hudhani kwamba hakimu husikiliza, kisha akaamua. Hakimu niliyemhudumia mimi alikuwa anaandika kutwa nzima, kwa mkono, neno kwa neno kadiri alivyoweza. Shahidi anasema sentensi mbili, hakimu anainua mkono wa kushoto na kumwambia, "Subiri niandike," shahidi ananyamaza, kisha anaendelea akiwa amesahau alipoishia. Mshtakiwa ambaye hana wakili, na wengi wao hawana, anauliza maswali yake ya kudodosa, mara nyingine kwa hasira na kwa matusi ya chinichini, na hakimu hana budi kuyaandika majibu yake yaeleweke bila kuyapotosha. Wakati huohuo anatakiwa kumtazama shahidi usoni, kwa sababu sheria inampa ruhusa ya kuandika jinsi shahidi alivyojiweka wakati akitoa ushahidi. Anatakiwa pia kumwambia shahidi kwamba ana haki ya kusomewa alichokisema. Jioni jalada linakuja masjala, yaani ofisi ya kutunza majalada, nasi makarani tunaanza kupiga chapa. Neno lisiposomeka tunamrudia hakimu chemba, yaani ofisini kwake, na kumwomba atusomee.

Hapo kwenye kupiga chapa pana mateso ambayo watu wa nje hawayajui. Mfungwa aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya ana siku 10 za kutoa notisi ya kusudio la kukata rufaa na siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe, na muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri hauhesabiwi. Sheria imekuwa na huruma katika hilo, lakini huruma hiyo haimtoi mtu gerezani. Niliwahi kumwona mwanamke akija dirishani kwetu wiki baada ya wiki kuulizia nakala ya mumewe, nasi tukimjibu kwamba bado, kwa sababu mashine moja iliyokuwepo ilikuwa imeharibika na fundi alikuwa hajafika kutoka mjini. Hakimu alikuwa ameshamaliza sehemu yake siku nyingi. Yule mama hakulijua hilo, akaondoka akiamini kwamba hakimu ndiye aliyeficha nakala.

Nitoe mfano mmoja wa kazi hii ilivyo inapofanywa vizuri. Aliletwa kijana aliyekamatwa kwenye kizuizi cha barabarani, akashtakiwa kwa kuwepo nchini bila kibali. Mkoa wetu umepakana na Burundi, ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na tumekuwa na kambi kubwa za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, kwa hiyo mashtaka ya namna hiyo si mageni kwetu. Aliposomewa shtaka alijibu kwa Kiswahili safi, "Ni kweli, Mheshimiwa, sina kibali." Mtu mwenye haraka angeandika kwamba mshtakiwa amekiri na kuendelea na adhabu, na siku hiyo haraka ilikuwepo, maana benchi la nje lilikuwa limejaa. Hakimu aliweka kalamu chini akamuuliza, "Umezaliwa wapi, kijana?" Akajibu, "Ulyankulu." Ulyankulu ni makazi yaliyoko Kaliua, mkoani Tabora, ambako walipelekwa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, na kutoka makazi hayo pamoja na Katumba na Mishamo watu zaidi ya 160,000 wamepewa uraia wa Tanzania. Hakimu akauliza tena, taratibu, habari za baba yake, na ikajitokeza kwamba baba alikuwa na cheti cha uraia. Kijana alikuwa amesema ukweli mtupu kwamba hana kibali, kwa sababu raia hahitaji kibali. Hakimu aliandika kwamba mshtakiwa amekana kosa, akaandika na sababu zake, akaahirisha shauri na kuutaka upande wa mashtaka ufuatilie. Baadaye shtaka liliondolewa. Jambo hilo halikufika Mahakama Kuu wala halikuandikwa popote nje ya jalada lile, na naamini majalada ya namna hiyo ni mengi katika masjala za Kigoma na Tabora.

Uzito wa mamlaka hayo ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kesi za mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, lakini kubaka, unyang'anyi wa kutumia silaha na kumpa mimba mwanafunzi ni makosa ambayo hakimu wa wilaya, akiwa amekaa peke yake mbele ya meza, anaweza kuyatolea kifungo cha miaka 30. Kosa la mimba kwa mwanafunzi lilipewa adhabu hiyo kwa marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, na kwa maoni yangu ndilo linalomtesa hakimu wa kijijini kuliko mengine yote. Familia mbili hukutana usiku, ng'ombe au fedha hupita, wazee wanasema yamekwisha kindugu, na siku ya kusikilizwa binti haonekani. Akionekana, anasimama kizimbani na kusema hamjui aliyempa mimba. Mwendesha mashtaka anaomba ahirisho, kisha jingine. Kila mtu mjini anajua kilichotokea, hakimu mwenyewe pengine amekisikia, lakini hana ruhusa ya kuhukumu kwa maneno ya mitaani. Anamwachia mshtakiwa, na kesho yake inasemekana amekula ng'ombe wale.

Katika kesi za watoto hali ni ngumu zaidi. Tangu mwaka 2016 Sheria ya Ushahidi inamruhusu mtoto wa umri usiozidi miaka 14 kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi mahakamani kwamba atasema ukweli na hatasema uongo. Hakimu anatakiwa azungumze naye kwanza kwa maswali mepesi, anasoma darasa la ngapi, anajua nini maana ya kusema uongo, kisha aipate ahadi hiyo na kuiandika. Mahakama ya Rufani imetengua hatia mara kadhaa kwa sababu ahadi ya mtoto haikuonekana kwenye kumbukumbu za mahakama. Sisemi majaji walikosea, kwa maana mtu hawezi kufungwa maisha yake yote ya ujana kwa ushahidi uliopokelewa kinyume cha sheria. Ninachosema ni kwamba mtoto aliyefanyiwa ukatili katika kijiji cha Buhigwe, na mtuhumiwa ambaye huenda ni mkosaji na huenda si mkosaji, wote wawili wanategemea mstari mmoja ulioandikwa jioni na mtu ambaye mkono umeshachoka. Mtu huyo anastahili msaada kuliko anaoupata.

Wapo watakaosema kwamba mambo makubwa ya sheria huamuliwa na majaji, na hakimu wa wilaya hufuata tu. Naomba niwakumbushe shauri lililoanzia Muleba, mkoani Kagera, ambalo hadi leo linafundishwa vyuoni. Mwanamke mmoja aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, na jamaa wa ukoo akafungua shauri kupinga mauzo hayo. Mahakama ya Mwanzo ilibatilisha mauzo kwa kufuata mila iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Hakimu wa Mahakama ya Wilaya ya Muleba alikataa. Alisema mila hiyo haiwezi tena kusimama mbele ya haki ya usawa iliyoingizwa katika Katiba. Shauri likaenda Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akakubaliana na hakimu yule na kueleza kwa kina kwa nini. Jina la Jaji Mwalusanya linatajwa kwa heshima anayostahili kila panapozungumzwa haki za wanawake na ardhi katika nchi hii. Lakini aliyethubutu kwanza, akiwa katika mji mdogo ambako wenye ukoo walikuwa wanamwona akipita kila siku, ni hakimu wa wilaya, na ni wachache sana nje ya vyumba vya sheria wanaojua hata kwamba alikuwepo.

Kuna mzigo mmoja ambao umepungua, na ni haki kuusema. Kwa miaka mingi shahidi alitoa ushahidi kwa Kiswahili, hakimu akauandika kwa Kiingereza papo hapo, na mshtakiwa akapewa hukumu ambayo hakuweza kuisoma. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, na sote tunakumbuka jinsi Rais Magufuli alivyompandisha Jaji Zephrine Galeba kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani katika Siku ya Sheria, tarehe 1 Februari mwaka huo, baada ya kuandika hukumu kwa Kiswahili akiwa Musoma. Kwa sisi wa masjala tofauti ilionekana mara moja pale palipoandikwa kwa Kiswahili, kwa sababu ndugu wa mfungwa aliweza kusoma hukumu yake akiwa amesimama dirishani na kuuliza swali la maana.

Hata hivyo katika mkoa huu Kiswahili hakimalizi shida. Wapo mama zetu kutoka vijiji vya ndani ambao hujieleza kikamilifu kwa Kiha tu, wapo Warundi, wapo watu kutoka Kongo, na mara kwa mara huletwa Waethiopia waliokamatwa wakiwa safarini kwenda kusini. Mkalimani anatoka wapi? Mara nyingi ni karani, mara nyingine ni askari, mara nyingine ni mtu yeyote aliyepatikana kwenye benchi la nje akaapishwa. Waha na Warundi huelewana sokoni bila taabu, lakini kuelewana sokoni si kutafsiri ushahidi ambao mtu atafungwa kwa ajili yake, na hakimu aliyetoka mkoa mwingine hana njia ya kujua kama shahidi alisema "nilimwona" au "nilisikia kuwa ni yeye". Nimekalimani mwenyewe bila mafunzo yoyote zaidi ya kuzaliwa Kasulu. Naamini ukalimani wa mahakama katika wilaya za mpakani ungepaswa kuwa kazi yenye mafunzo na mshahara, wala si hisani ya aliye karibu.

Nije kwenye uhamisho, jambo ambalo linazungumzwa kidogo mno. Hakimu akihamishwa katikati ya kesi, sheria inamruhusu atakayepokea jalada kuendelea na ushahidi ulioandikwa na mwenzake, lakini anatakiwa aandike sababu za kubadilishana huko, na akiona ni lazima anaweza kuwaita mashahidi upya. Sababu zisipoandikwa, mwenendo wote unaweza kubatilishwa kwenye rufaa na kesi ikaanza upya. Kwa kesi ya mjini huo ni usumbufu. Kwa kesi ya Uvinza, ambako kijiji kama Kalya kiko mbali kusini kando ya Ziwa Tanganyika na shahidi hutegemea boti kabla hajaifikia barabara, kuitwa upya mara nyingi ni sawa na kutokuja. Mashahidi wengine wanakuwa wamehama, wengine wamefariki. Na yule hakimu mgeni, hata akiwa hodari kiasi gani, hakumwona shahidi wa kwanza akibabaika. Anasoma mwandiko wa mwenzake kama majaji wa rufaa wasomavyo. Sikatai uhamisho. Hakimu akikaa pahali pamoja muda mrefu mno huzoeleka, na kuzoeleka kuna hatari zake. Ninaomba tu kwamba, panapowezekana, uhamisho usubiri kesi zilizokwisha kuanza kusikilizwa zimalizike, hasa zile zenye mashahidi watoto.

Kuhusu maisha yao nje ya mahakama nitasema kidogo. Hakimu tuliyemuaga alikuwa ni mama, na alikuja kwetu akiwa kijana. Alikuwa na muuza nyanya wake sokoni, wakizungumza na kutaniana kama majirani. Mdogo wake yule muuza nyanya aliposhtakiwa, hakimu aliacha kupita upande ule wa soko hadi siku ya hukumu, bila kueleza kwa nini, kwa sababu hata kueleza kungekuwa ni kuzungumzia kesi. Yule dada aliumia, akasema Mheshimiwa ameanza maringo. Harusi hakwenda ovyo, vikoba hakujiunga, samaki aliyeachwa mlangoni kwake alirudishwa na mlinzi usiku huohuo. Hakulalamika hata siku moja, lakini nilikuwa namwona akila chakula cha mchana peke yake chemba miaka nenda miaka rudi.

Upweke huo ungekuwa mwepesi zaidi kama hakimu angejua kwamba uhuru wake umewekewa ulinzi wa kutosha. Ibara ya 107B ya Katiba inasema mahakama zote zitakuwa huru katika kutekeleza mamlaka yake. Lakini Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama ya mwaka 2011 imeweka kamati za maadili ya maafisa wa mahakama katika ngazi za mkoa na wilaya, na wenyeviti wake ni mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya. Hao hao, kwa Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, wana mamlaka ya kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48, na mtu huyo akifikishwa mahakamani anasimama mbele ya hakimu ambaye malalamiko dhidi yake yanaweza kusikilizwa na kamati yenye mwenyekiti wa aina hiyo. Simshutumu kiongozi yeyote, na wako wakuu wa wilaya niliowaona wakiiheshimu mahakama kikamilifu. Wananchi wanahitaji mahali pa kumlalamikia hakimu, na kamati hizo ziendelee kuwepo. Naona tu kwamba kiti cha mwenyekiti kingekaliwa vizuri zaidi na jaji mstaafu au na mtu mwingine asiye na mamlaka ya kukamata.

Nimesikia kwamba Mahakama imeanza kutumia mfumo wa akili mnemba wa kunukuu na kutafsiri yanayosemwa mahakamani, na kwamba baadhi ya mahakama zimeshafungiwa vifaa vyake. Hiyo ni habari njema kuliko zote nilizozipata tangu nistaafu. Kwa kawaida vitu vipya huanzia Dar es Salaam na Dodoma na kutufikia sisi vikiwa vimechakaa. Safari hii naomba uongozi wa Mahakama ufikirie kuanza mapema na mahakama za wilaya kama Kakonko, Kaliua na Sikonge, kwa sababu ndiko ushahidi unakopokelewa kwa mara ya kwanza, na mfumo huo ufundishwe pia matamshi ya Kiswahili cha Waha na cha Wanyamwezi kabla haujaaminiwa kuandika maneno ya shahidi.

Nawe, Ndugu Mhariri, nina ombi. Mtume mwandishi wako akae katika mahakama ya wilaya yoyote ya mkoa huu au wa Tabora siku ambayo hakuna hukumu kubwa inayotarajiwa, tangu kesi za kutajwa asubuhi hadi jalada la mwisho linaporudi masjala, naye aandike kile atakachokiona hakimu akikifanya. Mimi niko Kasulu na niko tayari kumweleza taratibu zote anazohitaji kuzifahamu kabla hajaingia.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Karani mstaafu wa mahakama,
Kasulu, Kigoma.